Wimbo Nao ni Mwalimu

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kasrini, yeye aliiimba kwa Kiswahili, na mnyonge wa Ng'ambo akajiona kuwa naye ni mtu. Hiyo ndiyo nguvu ya wimbo.

Leo vijana wetu wanahifadhi Bongo Fleva. Lugha ni yetu. Lakini katika nyingi ya nyimbo hizo anayesifiwa ni mwenye gari na dhahabu. Kipimo hicho cha utu si chetu.

Ewe mzazi, usikimbilie kumnyang'anya mwanao simu. Muulize: "Katika wimbo huu, mtu ni nani?" Akijibu, "Mwenye mali," basi jua darasa limekwisha somwa, nawe hukuwapo. Mwenyezi Mungu atuongoze.