Wasomaji wa Kutu

Asiyeujua upanga wa Kijapani huutazama makali. Anayeujua huomba ruhusa ya kuuvua mpini. Ndani ya mpini umejificha msuka, kipande cha chuma kisichonolewa wala kung'arishwa, na hapo ndipo habari zilipo: sahihi ya mhunzi, tarehe, mistari ya tupa, mihuri ya jeshi, na kutu ya miaka themanini au ya miaka mia nne. Nataka kuwasifu watu waliojifunza kuusoma msuka huo, hasa wale waliochagua panga zisizo na jina kubwa, panga za jeshi la Japani za kati ya mwaka 1934 na 1945. Wengi huidhani kazi yao kuwa burudani ya wenye fedha. Mimi naiona kuwa kazi ya kuukataa uongo, na uongo wenyewe una tabaka tatu.

Tabaka la kwanza lilitoka serikalini. Mwaka 1876 serikali ya Meiji iliwakataza samurai kutembea na panga, na jeshi jipya likavaa panga zenye mpini wa mtindo wa Ulaya. Ilipofika mwaka 1934, utaifa ukiwa umepamba moto, jeshi la nchi kavu lilirudisha umbo la kale kwa upanga ulioitwa shin gunto. Wanamaji wakapata wa kwao, kai gunto, mwaka 1937. Ofisa aliyeuning'iniza kiunoni alitakiwa ajione mrithi wa samurai. Lakini jeshi lilikuwa likipanuka upesi, na wahunzi wa jadi wanaofua tamahagane, chuma kinachotokana na mchanga wa madini ulioyeyushwa kwa makaa, wasingeweza kulitosheleza. Karakana za Seki, mji wa visu katika mkoa wa Gifu, zikatoa panga kwa wingi kutokana na chuma cha viwandani, nyingi zikipozwa ghafla kwenye mafuta badala ya maji.

Kwa nje hutambui kitu. Ofisa alijinunulia upanga wake, kwa hiyo mmoja alikwenda vitani na bapa la ukoo lililofuliwa karne ya 16, mwingine na bapa la Seki lililotoka karakana juzi, na wa tatu na kazi ya wahunzi wa hekalu la Yasukuni, Tokyo, ambako kati ya 1933 na 1945 panga zilifuliwa kijadi kwa ajili ya maofisa. Wote watatu walishika mpini wa ngozi ya taa uliozungushiwa utepe wa kahawia, wenye maua ya mcheri yale yale.

Basi mhakiki huusukuma nje msumari mdogo wa mwanzi, huuvua mpini taratibu, na kuanza kusoma. Kutu ya karne nyingi ni nyeusi yenye ukahawia, imetulia, imeingia ndani ya chuma. Kutu ya miaka ya 1940 bado changa, na chini yake kijivu cha chuma huchungulia. Kutu ya kughushi, iliyoletwa kwa tindikali, imeenea sawasawa kila mahali, hata pale ambapo mpini ulipaswa kuukinga msuka. Tarehe huhesabiwa kwa enzi ya mfalme: mwaka wa 17 wa Showa ni 1942. Muhuri mdogo wa Showa au wa Seki kwa kawaida huonya kwamba bapa halikufuliwa kijadi. Nyota humtaja mhunzi aliyekubaliwa na jeshi la nchi kavu, na nanga huelekeza kwa wanamaji. Kisha jicho hurudi kwenye makali, kwenye lile wimbi jeupe liitwalo hamon. Chini ya lenzi, wimbi la kweli lina kina na chembe zinazometameta. La kuchorwa kwa tindikali ni doa tu.

Kwa njia hii ngano ya serikali hupimwa upanga mmoja baada ya mwingine. Jeshi lilisema kila ofisa amebeba roho ya samurai. Msuka husema ni nani aliyebeba chuma cha kiwandani.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, umo katika upanga ambao wakusanyaji wapya huudharau: ule wa sajini, wa mwaka 1935. Sajini hakununua, aligawiwa na jeshi. Bapa lake lilitengenezwa kwa mashine na kupigwa namba, na namba hiyo hiyo ikawekwa kwenye ala. Mipini ya mwanzo ilikuwa ya shaba. Baadaye ikawa ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ili ifanane na mpini uliofungwa utepe. Vita vilipokaribia mwisho na metali kuadimika, ikawa ya mbao iliyochanjwa mistari ili mkono usiteleze. Ipange mipini hiyo mitatu mezani na utaona uchumi wa dola ukinyong'onyea, bila kumhitaji waziri akiri lolote.

Tabaka la pili la uongo ni la soko. Bei zilipopanda, waigaji wakaingia. Herufi huchongwa na mtu asiyeweza kuzisoma, kwa hiyo patasi husitasita pale ambapo mhunzi angepiga mara moja. Maua ya mcheri hutoka kwenye kalibu yakiwa yamefifia kingo. Katika upanga halisi, kikinga mkono na vibati vyake viliundwa vikae pamoja na mara nyingi vina namba moja; katika ule wa kuigiza hulegea. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa huishia kwenye msumari wa mwanzi.

La tatu ni gumu zaidi kwa sababu limechanganyika na mapenzi. Ni masimulizi ya familia: babu aliutwaa kwa jenerali, au mwenye upanga alikuwa wa ukoo wa kifalme. Wakusanyaji hushauriana kununua upanga, si hadithi. Msomaji mzuri wa kutu hamdhihaki mjukuu. Humwonyesha namba, mihuri na mpini wa alumini, na kumweleza kwamba huu ulikuwa wa sajini. Kisha humsihi asiusugue msuka, maana anayeung'arisha amechoma hati ya pekee iliyopo. Bapa hupakwa mafuta membamba ya choji, yenye harufu ya karafuu ambayo mtu wa Pemba angeitambua mlangoni.

Wapo wanaouliza iwapo ni haki kuvienzi vyuma vya jeshi lililoua raia Nanjing, Uchina, mwaka 1937. Swali hilo linatuhusu pia sisi. Askari wa Keya (King's African Rifles), katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipambana na jeshi hilo walipolishuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 hadi kuuvuka mto Chindwin, wengi wakiamrishana kwa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba mhakiki haenzi, anathibitisha. Anayepamba upanga ukutani na kuusimulia ushujaa ndiye anayerudia maneno ya majenerali.

Baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945, majeshi yaliyoikalia yaliamuru panga zikabidhiwe, na nyingi mno ziliharibiwa. Wataalamu kama Honma Junji walitetea zile zenye thamani ya sanaa, na mwaka 1948 ikaundwa jumuiya ya kuzihifadhi, ile NBTHK. Hadi leo sheria ya Japani husajili panga zilizofuliwa kijadi. Za kiwandani hazina nafasi. Kwa sababu hiyo upanga wa sajini husomwa zaidi Marekani, Australia na Ulaya, mikononi mwa watu wasio na wajibu wowote wa kuusoma. Upanga wa mhunzi mashuhuri utapata mtetezi siku zote. Huu wenye namba badala ya sahihi unao hao tu, na wanaupa uangalifu ule ule ambao wengine wameuweka kwa ajili ya kazi za mabwana wakubwa. Hiyo ndiyo sifa yao, na wanaistahili.