Yusufu Asiyefika kwa Farao

Vijana wa usharika huniuliza mara kwa mara wasome nini na watazame nini. Wazazi wao huniuliza wawakataze nini. Swali hili la pili limeshajibiwa sana katika semina zetu, kwa hiyo hapa nitashughulika na lile la kwanza tu, kwa kutaja vitu vichache vilivyonishika katika miaka hii ya karibuni: riwaya moja, nyimbo mbili na filamu moja. Si vyote vilivyotungwa na Wakristo. Riwaya imejaa dua na kasida za Waislamu wa pwani, na filamu inamhusu mkulima Mkatoliki. Ila vyote vina subira ambayo mahubiri yetu mengi hayana. Vinakaa na mtu katika shida yake bila kumsukuma afike haraka kwenye ushindi.

Riwaya ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na tangu mwaka 2022 tunayo kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili niliisoma kama kitabu kilichorudi kwao, maana watu hawa kwa kweli wanazungumza Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza.

Anayeijua Biblia yake atashtuka mapema. Kijana anaitwa Yusuf. Ana umri wa miaka 12, ni mzuri wa sura, anaota ndoto mbaya, na anachukuliwa kutoka kwao kupelekwa kwenye nyumba ya tajiri. Hajauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Baba yake mwenyewe, mwenye hoteli ndogo isiyoingiza kitu, amemweka rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni. Mtoto hajui. Anapandishwa treni akidhani anakwenda kutembea kwa jamaa, na ni huko dukani, kutoka kwa kijana mwenzake Khalil, ndipo anapoambiwa kwamba mtu yule si jamaa yake hata kidogo na kwamba yeye yupo pale kwa ajili ya deni.

Baadaye yupo pia mke wa tajiri anayemtamani, na ipo kanzu inayochanika. Hapa Gurnah anafuata Kurani, wala si kitabu cha Mwanzo. Katika Mwanzo 39 Yusufu anaiacha nguo mkononi mwa mwanamke, nayo inakuwa ushahidi wa kumfunga. Katika Kurani kanzu imechanwa kwa nyuma, na hiyo inathibitisha kwamba alikuwa anakimbia. Aziz naye anaitazama kanzu ya Yusuf na kuona imechanwa nyuma. Washarika wanaoishi mtaa mmoja na Waislamu, na ndio wengi wetu, wangefaidika kuzisoma simulizi hizi mbili kando kwa kando na jirani. Ni mazungumzo mazuri zaidi kuliko mihadhara ya kushindana ambayo sote tumewahi kuisikia ikitoka kwenye vipaza sauti.

Lakini kilichonikamata zaidi ni kitu kisichokuwamo. Mwandishi wa Mwanzo, kila Yusufu anapoanguka, anatuambia kwamba Bwana yuko pamoja naye. Anasema hivyo nyumbani kwa Potifa, anasema hivyo gerezani. Katika Peponi hakuna anayetuambia hivyo. Watu wanasali, wanamtaja Mungu kila wanapovuta pumzi, na bado hakuna sauti ya msimulizi inayotuhakikishia lolote. Huyu ni Yusufu asiyefika kwa Farao. Hatafsiri ndoto, havikwi pete, hawalishi ndugu zake wakati wa njaa. (Asiyetaka kuujua mwisho wa kitabu aruke aya inayofuata.)

Mwishoni askari wa Wajerumani wanapita wakikamata watu wa kubeba mizigo na kupigana, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza. Yusuf na Khalil wanajificha. Hatari ikishapita, Yusuf anasikia nyuma yake, upande wa bustani, sauti kama ya milango inayofungwa kwa komeo. Anageuka kidogo, kisha anakimbia kuufuata msafara wa askari. Kitabu kinaishia hapo. Rafiki yangu mmoja, mchungaji pia, alikirudisha akisema hakina tumaini. Mimi naona kina ukweli ambao tumaini linauhitaji ili lisiwe porojo. Mwaka 1518 kule Heidelberg Luther alifundisha kwamba mwanateolojia wa msalaba hujulikana kwa kuita kila jambo kwa jina lake, baya akaliita baya. Sisi tukihubiri habari za Yusufu, tunaposoma shimo la sura ya 37 jicho letu liko tayari kwenye sura ya 41. Shimoni tunapita kama abiria wa basi wanaopita kituo kisichowahusu. Na kwenye mabenchi ya mbele yetu amekaa mama ambaye binti yake alipelekwa mjini kufanya kazi za ndani kwa watu walioitwa jamaa, na mwaka wa tatu huu hana simu yake. Huyo mama yuko sura ya 37. Tunamwambia nini Jumapili hii, kabla ya sura ya 41 kufika, kama itafika?

Yupo mtu mmoja katika kitabu ambaye ningependa kumsikia akisomwa kwenye jumuiya zetu: Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa wa zamani. Alipopewa uhuru na bibi yake aliukataa, na sababu yake ni kwamba uhuru wake haukuwahi kuwa mali yao hata wawe na uwezo wa kumpa. Waliumiliki mwili na kazi yake, basi. Nimefundisha darasani kitabu cha Luther juu ya uhuru wa Mkristo mara nyingi, lakini sijapata mfano unaoniacha kimya kama mzee huyu mwenye jembe lake na kasida zake.

Nyimbo nitazipitia haraka. Kwaya zetu siku hizi zinaishi YouTube, na nyingi zinaimba vizuri mno. Shida yangu si sare wala mchezo wala kamera ya kupaa angani. Shida ni kwamba karibu zote zimeshinda tayari. Adui amekwisha aibika kabla ya ubeti wa pili. Zaburi hazikuwa hivyo. Ile ya 88 inaishia gizani na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Ndiyo maana nimependa video za Israel Mbonyi, Mnyarwanda anayetuimbia Kiswahili, hasa Nina Siri ya mwaka 2023. Hana haraka. Anaacha watu waimbe, anasubiri, anarudi. Na kila Pasaka narudi kwenye Mfurahini, Haleluya, aliyoitunga Mchungaji Bernard Kyamanywa mwaka 1966 na inayoimbwa kwa sauti ya Kihaya. Makanisa ya Ulaya na Marekani yanaiimba hadi leo. Furaha yake ni kubwa, ila imepitia kaburini na haioni haya kulitaja.

Filamu ni A Hidden Life ya Terrence Malick, ya mwaka 2019. Inachukua karibu saa tatu, kwa hiyo vijana waitazame kwa jioni mbili. Inasimulia habari za kweli za Franz Jägerstätter, mkulima na mtunza kanisa wa kijiji cha St. Radegund, Austria, aliyekataa kumpigania Hitler na kumwapia kiapo cha utii. Padri anamsihi. Askofu anamkumbusha wajibu wake kwa nchi. Wakili anamwonyesha karatasi ya kutia sahihi aende nyumbani. Kila mmoja anamwambia kwa upole jambo lile lile, kwamba kukataa kwake hakutabadilisha chochote na hakuna atakayejua. Na filamu haiwapingi! Inawaacha waseme. Kuna mchoraji anayepamba kuta za kanisa ambaye analalamika kwamba anawachorea watu Kristo wa kustarehe naye, wa kutazamwa tu. Maneno hayo yanamhusu kila anayepanda madhabahuni.

Sikuridhika na yote. Milima ni mizuri kupita kiasi, hata mateso yanaanza kupendeza macho. Tena Franz wa Malick ni mkimya sana, wakati Franz wa kweli aliandika mengi akiwa kifungoni, akijibu hoja moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu wa kufikiri, na filamu imemnyima hilo. Wala haisemi kwamba gereza la Tegel, Berlin, alimofungwa, ndimo alimokuwa wakati huohuo Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri.

Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, akiwa na miaka 36. Filamu inaishia karibu na hapo, nami natamani ingeendelea kidogo na mkewe, Fani, ambaye ndiye aliyeachwa shimoni. Alibaki na binti watatu, shamba la kulima, na majirani waliomwona mumewe kama msaliti. Vita vilipokwisha alinyimwa pensheni ya wajane, na miaka ikapita kabla ya kuipata. Kanisa Katoliki lilimtangaza Franz kuwa mwenye heri mwaka 2007, katika kanisa kuu la Linz. Fani alikuwepo, akiwa na miaka 94.