"Kutangaza" na "Kuthibitisha" Matokeo

Katika tafsiri za habari za uchaguzi wa bodi za shule huko Marekani, tumezoea kusoma kwamba matokeo "yamethibitishwa". Huko, hesabu ya usiku wa uchaguzi si rasmi; hukaguliwa upya, kisha hutiwa saini na wenye mamlaka. Neno moja limetwishwa kazi mbili: ukaguzi na idhini.

Kosa huzidi linapohamishiwa kwetu. Katika kata kama Kasansa, mkoani Katavi, kura za udiwani huhesabiwa vituoni, hujumlishwa, kisha msimamizi msaidizi wa uchaguzi humtangaza mshindi. Kutangaza huku si kupasha habari tu, bali ni tendo la kisheria. Muda wa kufungua kesi ya kupinga matokeo huhesabiwa tangu hapo. Mlalamikaji anayeambiwa angojee matokeo "yathibitishwe" aweza kupitwa na muda huo.

Twashauri basi ukaguzi uitwe kuhakiki. Idhini ya Marekani, kuidhinisha. Na tendo la sheria yetu libaki kutangaza. Kuthibitisha tumwachie mwenye kuleta ushahidi mahakamani.