Mnazi Mmoja, Kutoka Upande wa Kariakoo

Nilikwenda Mnazi Mmoja nikiwa na hoja yangu tayari, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Mwanafunzi wa uzamili akishapata nadharia huiona kila mahali, kama aliyenunua viatu vipya anavyotazama miguu ya watu.

Hoja yenyewe ilikuwa hii. Viwanja hivi tunaviita mapafu ya jiji, lakini havikuachwa wazi ili mtu apumue. Wajerumani waliigawa Dar es Salaam kwa kanda: Wazungu upande wa bahari, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika nyuma yao. Walitaka nafasi tupu iwatenge Waafrika na wengine. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, wakaikamilisha kazi hiyo. Kisingizio kilikuwa afya, eti maradhi yasivuke. Hyde Park ya London ilianza kama pori la mfalme la kuwindia, baadaye ikafunguliwa kwa raia. Mnazi Mmoja ulianza kama pengo.

Nilitoka Posta kwa miguu. Pale Samora nikampita Askari, yule wa shaba anayeelekeza singe yake bandarini tangu 1927. Maandishi yake yanawakumbuka na wapagazi wa vita ile. Ila jina lao ni Kariakoo ndiko lilikobaki, maana Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa na midomo yetu. Nikapita Uhindini, chini ya roshani zilizoanikwa nguo, nikavuka barabara ya Bibi Titi Mohamed. Hapo jua likapungua ghafla.

Chini ya miti, machinga alikuwa anahesabu soksi zake. Mzee amelala, kofia usoni. Nikakaa nikaandika "mpaka" mara tatu kwenye daftari. Sikuandika kwamba miaka ya 1950 TANU ilifanya mikutano hapa hapa, kwa sababu lingeniharibia hoja. Watu walijazana kwenye nafasi iliyowekwa ili wasikutane! Na wangejazana wapi? Mitaa ya Kariakoo ni myembamba.

Jioni nilipita kwa bibi yangu, Mtaa wa Sikukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeshindwa hata kuniletea embe?"

Nikamweleza habari ya pengo. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Sisi Idi tulikuwa tunakwenda kupanda bembea pale. Nguo mpya, mafuta ya nazi mpaka shingoni. Pengo gani?"

"Na Wahindi, bibi?"

"Walikuja na watoto wao. Bembea ilikuwa ile ile."

Nilitaka kuifuta sura nzima ya tasnifu usiku ule. Nasoma makala nyingi za mji wetu zinazoishia kwenye kumbukumbu tamu kama hiyo, bembea ikishamaliza ukoloni, nami nazishuku. Lakini na zile zinazotumia ramani peke yake zinamtoa bibi yangu kwenye kiwanja alichokicheza.

"Bembea ikiisha?"

"Magharibi ikiingia kila mtu kwao. Wao kule, sisi huku."

"Hukuwahi kuvuka ukafika Posta? Ukaangalia bahari?"

Akaacha mchele, akanitazama kama niliyeuliza kitu cha kitoto.

"Kufanya nini?"