Jina la Baba na Kazi ya Mwana

Mkulima wa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, asikiapo neno tingatinga hufikiri trekta. Mwuza vinyago wa Arusha mjini hufikiri picha. Wamfikirio mtu ni wachache. Edward Saidi Tingatinga alichora huko Dar es Salaam tangu mwaka 1968 hivi hata alipouawa mwaka 1972, kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao vya mraba. Baadaye jina lake likawa jina la aina, mfano wa kanga au kinyago.

Huu ndio mzigo wa mwanawe Daudi, naye mchoraji. Stella McCartney alipoanzisha nyumba yake ya mavazi mwaka 2001, jina la baba yake mwanamuziki lilikuwa bado jina la mtu, na mavazi yaliweza kupimwa kama mavazi. Lakini Daudi atiapo sahihi, mnunuzi husoma aina ya picha, wala hamsomi mchoraji.

Basi wahakiki wana deni: kuitazama mistari yake, rangi zake, na namna aijazavyo nafasi, kabla ya kuuliza kama amefanana na baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka, yasema methali; lakini methali haihakiki picha.