Nyama ya Sheria na Nyama ya Mtindo

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona tunakuletea habari za mikahawa ya Kiyahudi ya Marekani, hali kusudio letu ni kusema juu ya Shinyanga na Geita, ambako mkahawa wa namna hiyo hatujausikia. Vuta subira kidogo.

Mayahudi waliohamia New York kutoka Ulaya ya Mashariki katika karne ya 19 walifungua huko maduka ya nyama yaliyojulikana kwa neno la Kijerumani, delikatessen. Chakula chao mashuhuri ni pastrami. Jina hilo asili yake ni la Waturuki, waliokuwa wakiikandamiza nyama na kuikausha. Likapita Rumania, na Mayahudi wa huko wakasafiri nalo. Kidari cha ng'ombe huloweshwa siku kadhaa katika maji ya chumvi, hupakwa giligilani na pilipili manga, hufukizwa moshi, kisha hupikwa kwa mvuke mpaka kilainike, kikaliwa kwa mkate, haradali na matango ya achari. Kwa ufundi hatuna la kuwatia kasoro. Mpishi wa Tanga au Lamu angeonja, na angekuwa na maswali mengi ya kuuliza.

Lakini nyuma ya ladha ile palikuwa na sheria nzito. Mchinjaji wao sharti awe amesoma na kupewa idhini. Kisu kikiwa na pengo dogo, dhabihu imeharibika. Mapafu ya mnyama hukaguliwa, nyama hutiwa chumvi ili damu itoke, na haichanganywi kamwe na maziwa. Sasa tazama yaliyotokea. Baadhi ya wenye mikahawa waliiacha sheria wakabakisha ladha, wakakiita chakula chao "mtindo wa Kiyahudi". Mkahawa wa Katz's, ulioanza mwaka 1888, ni miongoni mwa mashuhuri kabisa, na humo mtu huagiza nyama ya ng'ombe yenye jibini juu yake, jambo ambalo sheria yao inalikataza waziwazi. Nao hawamdanganyi mtu, maana neno "mtindo" limekwisha kusema yote kwa mwenye kulisikia. Kosa ni la mlaji anayeona achari na kusikia majina ya kale, akadhani na sheria ingalimo.

Basi twende Kahama, Katoro na Geita mjini. Mwadui ilivuta watu kwa almasi tangu mwaka 1940. Kisha ikaja migodi mikubwa ya dhahabu, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, mbali na maelfu ya wachimbaji wadogo. Palipo na fedha pana walaji, na pwani ikafuata na masufuria yake: pilau, biriani, sambusa, chapati. Pilau yenyewe mara nyingi ni wali uliotiwa rangi, bizari kwa pupa na kitunguu kwa ubahili, lakini hilo tunalisamehe. Lisilosameheka ni la mlaji wetu. Msafiri wa kutoka pwani huona mpishi kavaa kofia, huona aya ukutani, akanawa mikono na kula. Nyama imetoka bucha gani? Nani kaichinja? Haulizi. Kwake kofia imekuwa cheti cha machinjio.

Wapo watakaotukumbusha aya ya tano ya Suratul Maida, iliyohalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Ni kweli, na wanavyuoni wana maelezo marefu juu yake, wa madhehebu yetu ya Shafii hasa. Muulize shekhe wako. Sisi tunasema na yule ambaye hata swali hilo halijamfikia, kwa sababu harufu ya iliki imemtosheleza.

Na jambo hili si dogo katika nchi ile. Tarehe 11 Februari 2013, huko Buseresere, jirani na Katoro, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Roho ya mtu ilitoka kwa ajili ya kisu cha bucha! Kwa miaka mingi majirani wasio Waislamu, katika harusi na misiba yao, wamemwita Mwislamu aje achinje ili wageni wote wale chungu kimoja. Ilikuwa hisani yao kwetu, nasi tukaizoea mpaka tukaiona haki. Sasa niambie, msomaji wangu: mtu anayekigombania kisu machinjioni kwa sauti kubwa, kisha mezani hakiulizii kabisa, anatetea dini au anatetea nafasi?

Kuuliza hakuhitaji ugomvi wala kukunja uso. "Shikamoo mama. Samahani, nyama hii mmeinunua wapi, na anachinja nani?" Mama mwenye biashara safi hujibu papo hapo, pengine kwa furaha, na akikosa jibu usimwaibishe mbele ya wateja wake. Geita iko karibu na Ziwa Victoria. Agiza sato kwa ugali: hahitaji mchinjaji, na kwa kuwa ana magamba na mapezi, hata sheria ya Mayahudi inamhalalisha.