Anza na Sauti ya Pili: Jinsi ya Kupima Rekodi ya Kwaya

Rekodi ya kwaya usiipime kwa sauti ya kwanza. Sauti ya kwanza hupendeza hata pale kwaya nzima inapoharibu, kwa sababu ndiyo inayobeba wimbo na kila msikilizaji anaijua. Tega sikio kwenye sauti ya pili na ya tatu. Waimbaji wa sauti hizo ndio wanaoimba nota zisizokumbukwa na mtu, wanaokaa kwenye nota ileile mstari mzima huku wenzao wakipanda na kushuka, na wakilegea hakuna muumini atakayelalamika baada ya Misa. Lakini mtunzi aliziandika nota zile, na aliziandika kwa sababu. Rekodi inayokuwezesha kuzisikia imemtendea haki. Isiyokuwezesha ni kumbukumbu ya sherehe tu.

Wapo watu Ulaya wanaojaza kabati santuri za Bach na Mozart. Kazi moja wanayo kwa okestra tano, na wanabishana usiku kucha ni ipi bora. Sisi wa Mpanda tunao utamu huohuo, ila hatujaupa heshima yake. Wimbo mmoja wa Misa, ulioandikwa kwa sauti nne, unaweza kuukuta umerekodiwa na kwaya ya Dar es Salaam, ya Mwanza na ya Sumbawanga, kila moja na mwendo wake. Anayezipanga hizo tatu na kuzisikiliza kwa zamu ni mkusanyaji kamili, hata kama hazina yake yote imo kwenye kadi ya memori ndani ya kiswaswadu.

Muziki wa kanisa ni mkongwe kwetu kuliko mkoa wetu wenyewe, uliozaliwa 2012. Mapadri Weupe waliichukua ngome ya Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Misa ikaendelea kuimbwa kwa Kilatini kwa miongo mingi. Utunzi wa Kiafrika haukungoja ruhusa ya Roma. Padre Stephen Mbunga, mtu wa kusini mwa Tanganyika, alitoa Misa Baba Yetu mwaka 1959, miaka minne kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujapitisha, Desemba 1963, hati iliyofungulia mlango lugha na muziki wa wenyeji. Tangu hapo watunzi wamezagaa kila jimbo, na wengi wao ni walimu wa shule za msingi, makatekista na wapiga kinanda ambao majina yao hayajawahi kuvuka mto.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kusikiliza rekodi, tafuta karatasi ya nota. Kwaya zetu nyingi hutumia nota za herufi, zile d, r, m ambazo mchungaji Mwingereza John Curwen alizieneza karne ya 19, na mwalimu yeyote wa kwaya, Makanyagio au Kashaulili, atakuazima nakala ukimwomba kwa adabu na kumrudishia ikiwa safi. Juu ya karatasi utakuta ufunguo, tuseme Do = F. Piga F kwenye kinanda, kisha washa rekodi. Ukikuta kwaya inaimba kwenye E, usiwahukumu haraka. Kama wimbo wote umeshuka kwa kiasi kilekile, mwanzo hadi mwisho, na sauti za watu zimekuwa nzito kama za walioamshwa usingizini, kosa ni la mashine: kanda ilinakiliwa kutoka kwenye redio iliyopungua kasi, pengine betri zilikuwa zimechoka. Kasi ikipungua kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima unashuka nusu toni. Kama kwaya ilianza F ikamaliza E, kosa ni lao. Waliimba bila kinanda na pumzi ikawaangusha. Na kama imeshuka nusu toni lakini sauti zinasikika kawaida, mwalimu ndiye aliyeamua kushusha ufunguo ili sauti ya kwanza isipige kelele kule juu. Uamuzi huo ni wa busara, na mimi humwongezea alama.

Kipimo cha pili ni maneno, na hapa unampima mtunzi kabla ya waimbaji. Kiswahili hutilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi hodari huiweka silabi hiyo mahali pigo linapoangukia: BWAna, YEsu, mwoKOzi. Nyimbo nyingi za zamani zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zilibanwa ndani ya tuni zisizo zao, ndiyo maana tunaimba mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho na hakuna anayeshtuka tena. Sikiliza kazi za Bernard Mukasa au John Mgandu na utaona jinsi sentensi inavyotembea kama inavyosemwa. Kwa upande wa waimbaji, jaribu hivi: cheza ubeti wa pili bila kutazama karatasi. Kiitikio watu hukijua kwa moyo. Mashairi ndiyo yanayofichua kwaya isiyofanya mazoezi. Usipoweza kuyaweka pamoja maneno ya ubeti wa pili kwa kuusikiliza mara moja, rekodi hiyo haifai kununuliwa hata kwa bei ya maandazi.

Kipimo cha tatu kinaniudhi, nikiri. Ni kinanda. Kuna mtindo wa studio wa kuingiza mdundo wa ngoma za mashine, kisha juu yake kinanda kinachojaza kila nafasi, na waimbaji wanasukumwa nyuma ya ukuta. Besi ya kinanda inakula besi ya watu. Ukitaka kujua kama kuna wanaume wanne au arobaini, huwezi. Rekodi za miaka ya kanda, zilizofanywa kanisani kwa maikrofoni moja au mbili, zina mwangwi na kikohozi cha mtu, lakini zina hewa; unaweza kukisia sauti ya nne ilisimama karibu au mbali. Nikipewa kuchagua kati ya usafi wa studio na hewa ya kanisa, nachukua hewa.

Kuhusu chombo chenyewe, machache. Kanda ya dakika 60 ni bora kuliko ya 90, kwa kuwa utepe wa 90 ni mwembamba na hukwama upesi. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, hasa kiangazi vumbi letu linapotawala. Nyimbo za kuingiziwa vibandani zimebanwa mno: sikiliza kayamba au herufi s, zikisikika kama maji yanayochemka, tafuta nakala nyingine. Na usikubali faili lililoandikwa “Track 03” au “kwaya mpya kali”. Hilo limepoteza kitu kikubwa kuliko ubora wa sauti.

Kilichopotea ni jina la mtunzi. Sisi huulizana wimbo ni wa kwaya gani, mara chache tunauliza ni wa nani. Wimbo wa taifa wenyewe tuni yake ni ya mwalimu wa kwaya, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mhaya wa Kagera aliyekuwa akisoma chuo cha Kilutheri cha Makumira, alitunga Mfurahini, Haleluya, na leo Waprotestanti wa Ujerumani wanao wimbo huo kwenye kitabu chao cha nyimbo, namba 116. Pasaka unaimbwa na watu wasiojua Kagera iko wapi, na kwetu unaimbwa na watu wasiojua jina la mtunzi. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, kazi iliyotolewa 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu. Kila tarehe 3 Juni tunawaadhimisha mashahidi. Ningependa siku moja nisikie padre akimtaja Kyagambiddwa.

Ukitaka kulizoeza sikio lako kulinganisha rekodi mbili za kazi moja, anza na Missa Luba. Ni ya majirani: ilizaliwa Kamina, Katanga, ng'ambo ya ziwa, ikarekodiwa kwa kampuni ya Philips mwaka 1958 na wavulana na walimu wa shule chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji. Maneno ni ya Kilatini, tuni ni za nyumbani kwao, na sehemu kubwa ilibuniwa katika kuimba, haikusomwa kwenye karatasi. Kisha tafuta ile ya Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliyotolewa 1990. Ya Wakenya ni safi, sauti nne zimepimana, besi imekaa chini kama msingi wa nyumba. Ya Kamina ina wavulana wanaobana koo, na rekodi ni ya zamani kwa hiyo ngoma zinafunikana. Hata hivyo sikiliza Sanctus katika zote mbili. Wakenya wanaimba kitu kilichokwisha kuandikwa, kwa heshima na umakini. Wale wa Kamina wanaamua papo hapo wapi pa kuingia, na kwaya inamjibu mwimbishaji kabla hajamaliza. Mimi nachagua ya Kamina bila kusita, na najua wenye sikio zuri kuliko langu wanaochagua ya Wakenya. Jalada la rekodi ya Kamina limemtaja Haazen. Wavulana na walimu waliobuni tuni hawakutajwa kama watunzi. Mkusanyaji makini huliandika hilo kwenye daftari lake.

Watunzi wasiojulikana utawapata wapi? Si kwenye redio, inayocheza nyimbo za kwaya kubwa za Dar es Salaam. Watunzi maarufu kama Joseph Makoye na Padre Kayetta hawahitaji msaada wako. Nenda kigangoni, keti nyuma siku ya mazoezi, uangalie kona ya juu ya karatasi. Jina usilolijua ndilo la kufuatilia. Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, kwaya hupenda kukutana, na hapo ndipo wimbo wa kigango cha porini unapoimbwa mbele ya watu wa mjini. Usijifungie dhehebu. Wamoraviani wana hazina yao. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, yaliyofunguliwa 1973, na ya Mishamo, 1978, walikaa watu waliokimbia Burundi na nyimbo zao. Jamii hizo zimelea kwaya zenye namna ya kupanga sauti isiyofanana na ya Wasukuma wala Wafipa. Jirani zao wa Ulyankulu, upande wa Tabora, walitoa Barabara ya 13, kwaya ambayo kanda zake zilifika mbali kuliko waimbaji wenyewe. Ukipata kanda ya kwaya ya Mishamo yenye jina la mtunzi kwenye karatasi ya ndani, lipa bei unayotajiwa.

Mwisho, ombi. Kanda za kwaya za miaka ya themanini na tisini bado zimo kwenye masanduku ya Karema, Inyonga, Mwese na hapa mjini, nyingi zikiwa nakala pekee iliyobaki. Kama unayo moja, usiicheze kwa redio mbovu ili kumfurahisha mgeni. Ipeleke kwa mtu mwenye mashine nzima, ihamishie kwenye kompyuta bila kuibana, na kabla ya kuandika jina la kwaya kwenye faili, andika jina la mtunzi. Kama hulijui, muulize mwimbaji mzee wa kwaya hiyo wiki hii.